Kijiti cha Paa la Baba

Wiki mbili baada ya kumzika mama, nilikandika jiko lake. Wanangu walinishangaa. Walisema jiko lenyewe linavunjwa mwezi ujao, litajengwa lingine la matofali, sasa najichosha kwa nini? Sikuwajibu. Mtu akishakuwa bibi anaruhusiwa kuwa kiziwi anapotaka. Nilichanganya udongo wa kichuguu na mavi mabichi ya ng'ombe, nikatia majivu, nikatumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko. Harufu ilipopanda puani nikakaa palepale chini, nikalia.

Ninyi wa rika langu mnaijua harufu ile. Wajukuu zetu huziba pua, lakini si harufu mbaya. Ni harufu ya nyumba ambayo kuna mtu anaijali. Mimi nililelewa ndani yake, kule karibu na Kimilili, kabla mimi na mama hatujahamia huku Kitale kwenye mashamba ya wazungu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya baba. Aliijenga alipomwoa mama kutoka Myanga, nyumba ya mviringo, ya udongo na nyasi, kama zilivyokuwa zote. Ila yetu ilikuwa na kasoro moja. Baba alikuwa mtu mfupi, na alipopima mlango alijipima mwenyewe akatosheka. Kila mgeni aliyeingia alipigwa paji la uso na mti wa juu wa mlango. Mama alikuwa akicheka, akisema mume wake anasalimia watu hata asipokuwepo. Na hakuwepo. Alichukuliwa kwenda vitani nikiwa bado mgongoni, akapelekwa ng'ambo, huko Burma walikokuita Bama. Sikuwa na sura yake kichwani hata kidogo. Nilikuwa na mlango wake tu, ambao mimi niliupita bila kuinama, nikajivuna kwamba ulijengwa kwa ajili yangu.

Wenzetu walipokuwa wakibomoa nyumba kuukuu na kujenga mpya, mama hakubomoa. Alitengeneza. Ufito ukioza alitoa ule mmoja akatia mwingine wa mti uleule. Nyasi zikivuja upande wa mvua, alimwita Mzee Wekesa, fundi wa kuezeka, aondoe matita matatu na kurudisha matatu, basi. Mzee alinung'unika. Alisema paa lile linataka kufumuliwa lote lianzwe upya, kwamba yeye ni fundi wa kuezeka na si fundi wa kushona viraka. Mama alimpa uji akamwambia matatu yanatosha. Ukutani ilikuwa vilevile. Chini kulikuwa na mkanda mweusi wa majivu, juu yake mkanda wa udongo mwekundu, kisha mweupe wa udongo wa mtoni, na kila alipokandika aliirudisha mikanda ile mahali pake, kwa upana wa viganja vitatu, jinsi baba alivyoiacha. Mimi nilipenda kuchora kuku kwenye ule mweupe. Alinichapa mkono akafuta kuku.

Watu husema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mama aliziba ufa kwa sababu ukuta hakuruhusiwa kuujenga. Kwetu nyumba mpya huanzwa na mume. Ndiye anayesimamisha nguzo ya kwanza na kutupa tita la kwanza la nyasi. Mwanamke ambaye mume wake hajarudi, akijengewa nyumba mpya na mwanamume mwingine, basi amekwisha kuwa wa huyo mwingine. Kwa hiyo nyumba ya baba ilipaswa kusimama mpaka mwenyewe arudi. Ikianguka, mama angeanguka nayo.

Aliyekuwa akiingoja ianguke alikuwa baba mdogo, Simiyu, mdogo wake baba. Sitaki kumsema vibaya marehemu. Hakuwa mkatili. Alituletea chumvi, alinibeba mabegani, na kwa desturi mke wa ndugu aliyekufa alikuwa wake amtunze. Alikuja karibu kila wiki, mrefu kama mgomba, akapigwa na mlango, akaketi akijisugua paji na kuangalia fito za paa kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Aliuliza kama kuna habari. Mama akasema hakuna. Aliuliza kama paa halivuji. Mama akasema halivuji. Siku moja alimwambia, kwa upole kabisa, "Shemeji, vita imeisha. Wenye kurudi wamerudi. Hii nyumba sasa inangoja nani?"

Mama akamwambia, "Inangoja mwenyewe. Kijiti si bado kimesimama?"

Hicho kijiti ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo. Mnakumbuka nyumba za zamani zilivyokuwa na kijiti kileleni mwa paa, kimechongwa ncha, kinaangalia mbinguni. Siku hizi tuna mabati, na bati halimwambii mpita njia lolote. Zamani uliona kijiti ukajua mwenye nyumba yupo hai. Akifa, kinang'olewa au kinavunjwa, na mtu akipita mbali njiani anajua hapa kuna mjane. Mimi nilikuwa sijui. Nilimwuliza Mzee Wekesa siku alipokuwa juu akishona viraka vyake, kile ni cha nini? Akaniangalia kutoka kule juu, ameshika misumari ya mti mdomoni, akaitoa ndipo akanijibu.

"Huyo ndio baba yako," alisema. "Akisimama, baba iko. Akianguka, baba hakuna."

Mzee alisema wanachosema watu wazima. Mtoto wa miaka minane akasikia alichosikia. Tangu siku ile nilikuwa na baba. Asubuhi nilitoka nikakisalimia. Mvua ya mawe ikinyesha kutoka mlimani niliketi mlangoni nikimwonea huruma. Nilimweleza mambo yangu, hasa ya mawe yangu matano. Yalikuwa mawe meupe ya mtoni, mviringo, ya mchezo wa kurusha na kudaka. Niliyachagua moja moja na hakuna msichana kijijini aliyenishinda kwa hayo. Nilikuwa nikirusha juu sana ili baba ayaone vizuri.

Kuna siku nyingine ya utoto ule ambayo lazima niitaje hapa, ingawa kwa muda mrefu niliihesabu kuwa si kitu. Ilikuwa mwaka ule nzige walipopita. Mama alikuwa akikandika ukuta wa nje. Mwalimu wa kanisa alikuja, yeye ndiye aliyekuwa akisomea watu barua zote za askari kwa kuwa wengine hawakujua kusoma. Mama alinawa mikono, wakaenda nyuma ya ghala. Waliporudi, mwalimu aliondoka na kuku wetu mweupe kwapani, na mama akarudi ukutani. Akakandika mahali pamoja, mkono ukienda na kurudi, mpaka mchana ukafika. Mimi nilimwambia pale pameshakauka, mbona hasogei? Alisema kuna ufa. Nikatazama sana, sikuona ufa. Nikamwuliza kwa nini analia, akasema majivu yamemwingia machoni. Nikamletea maji. Kilichoniuma siku hiyo ni kuku.

Misimu miwili ya mavuno ilipita baada ya hapo. Kijiti kilikuwa kimezeeka. Mchwa walikuwa wamekila kwa ndani, na Mzee Wekesa alikuwa ameahidi kuchonga kingine cha mti mgumu akitoka Kitale, ambako alikuwa amekwenda kuezeka maghala. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Mama alikuwa akitwanga. Mimi nilikuwa uani na mawe yangu, na kunguru akaja akatua juu ya kijiti. Nikamfukuza kwa maneno, hakujali. Akajigeuza, akakinyea.

Nilighadhibika. Hebu fikiria mtu anamnyea baba yako kichwani nawe unatazama. Nilichukua jiwe moja kati ya matano nikalirusha kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa na shabaha, nimeshasema. Kunguru akaruka. Jiwe likakipata kijiti katikati, kikalia kama bua kavu, nusu yake ikateleza juu ya nyasi mpaka ikaanguka miguuni pangu.

Mama alitoka kwa ule mlio. Aliona kijiti mkononi mwangu. Nikasema kunguru amekivunja. Hakunipiga, hakuuliza. Aliangalia njia ya sokoni, akaangalia jua liko wapi. Kisha akafanya kitu ambacho mwanamke wa kwetu hafanyi, hata nyumba ikiwaka moto. Akajifunga leso kiunoni, akaegemeza ngazi ya Mzee Wekesa, akapanda juu ya paa la mumewe.

Nilikuwa chini nimeshika ngazi. Nilimwona amelala kifudifudi juu ya nyasi alizokuwa amezihifadhi miaka yote ile, akijaribu kufunga kile kijiti kwa kamba, na kamba ikiteleza. Nilimwona akiacha kufunga kidogo, akaokota kitu kwenye nyasi, akakitazama, akakifunga kwenye pembe ya leso. Nikadhani ni kipande cha mti. Aliendelea kufunga. Alikuwa karibu kumaliza nilipohisi kivuli nyuma yangu. Baba mdogo alikuwa ametoka sokoni mapema, na watu wawili wa ukoo.

Hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, shuka. Watu wanakuona."

Wazee walikaa uani kwetu siku ya tatu. Mambo yalikuwa mepesi kwao. Mwanamke haendi juu ya paa la mume aliye hai, maana kufanya hivyo ni kumtakia kifo. Kwa hiyo ama mama alikuwa amemlaani mume wake, na aliyelaani hufukuzwa bila chochote, bila hata mtoto, ama mume hayupo, na basi hana kosa kubwa, ila ni mjane na ajulikane ni mjane. Achague. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika nguzo. Niliposikia wanasema bila mtoto, niliikumbatia kwa mikono yote miwili.

Mama aliingia ndani, akanipita kama hanioni, akafungua sanduku la bati. Akatoka na karatasi.

"Sikulaani mtu," alisema. "Mwenye nyumba amekufa. Barua ya serikali ndiyo hii."

Walimwita mwalimu wa kanisa aisome. Nakumbuka alivaa miwani polepole sana, na kidole chake hakikuanzia juu ya karatasi, kilianzia katikati. Nilidhani ndivyo barua zinavyosomwa. Akasoma kwamba baba alikufa kwa homa huko Bama, akazikwa hukohuko. Wanawake waliokuwa jikoni wakaanza kulia. Mama hakulia, na wengine walimsema kwa hilo baadaye.

Mimi nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu. Kijiti kilianguka juzi, leo barua inasema baba amekufa. Mzee Wekesa alikuwa ameniambia wazi, na mimi nikachukua jiwe. Nilikwenda mtoni na yale mawe manne yaliyobaki nikayatupa. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Nililala na jambo lile, nikaamka nalo, nikakua nalo. Niliolewa nalo. Nilipozaa mtoto wa kiume na watu wakataka aitwe jina la baba yangu, nilitoka nje nikatapika, wakasema ni uzazi.

Baada ya matanga, baba mdogo alihamia. Nilisema hakuwa mkatili. Lakini jambo la kwanza alilolifanya, kabla hata ya kuleta kitanda chake, ni kuja na tezo na kukata mti wa juu wa mlango. Aliuinua kwa shubiri mbili na zaidi. Vipande vya mti vilikuwa vikiruka uani, na ule mlango ukawa mlango kama mingine yote, mtu anaingia tu bila kusalimiwa na yeyote. Mama alikuwa ameketi jikoni akichambua mboga. Kila tezo ilipogonga alifumba macho. Zile mboga alizichambua zikaisha, akabaki anachambua vidole.

Hakukandika tena. Msimu wa kwanza mikanda mitatu ilififia, wa pili nyufa zikaonekana, na yeye akapita kando yake kama nyumba ya jirani. Msimu wa tatu ulipokwisha alinishika mkono alfajiri, tukatembea kwa miguu mpaka Kitale. Alipata kazi kwenye shamba la mzungu, kupukuchua mahindi, na tukapewa chumba kwenye laini ya vibarua, vyumba vyote sawa, milango yote sawa. Baba mdogo alikuja mara moja kumwita, akakataa, naye akarudi. Baadaye tukasikia nyumba imelala chini. Mchwa, wakasema. Mama aliuliza tu kama ilianguka ndani au nje. Wakasema ndani. Akaendelea kupepeta.

Kwenye lile shamba palikuwa na shule ndogo, nami nikajifunza kusoma. Nilikuwa nimefika umri wa kuanza kutazamwa na wavulana, nikisoma kila kitu, magunia, makopo, hata majina ya makaburini. Jumapili moja mama alifungua sanduku la bati akatoa ile barua. Akainyoosha juu ya goti lake.

"Nisomee," alisema. "Anza juu kabisa. Usiruke kitu."

Niliogopa karatasi ile kuliko nyoka. Kwangu ilikuwa hati ya mashtaka, na mwenye kushtakiwa ndiye anaambiwa aisome. Nilisema macho yananiuma. Akasema basi kesho. Kesho nikasema hati ni ya Kizungu siijui. Haikuwa kweli, ilikuwa Kiswahili kilichopigwa chapa. Akaikunja, akairudisha. Aliniomba mara nyingine mbili katika miaka iliyofuata. Mara ya mwisho nilimjibu kwa ukali, nikamwambia aachane na mambo ya wafu. Hakuniomba tena, na akaishi miaka mingi baada ya hapo, mpaka akawa mdogo kitandani kama mtoto.

Sasa nimelikandika jiko lake. Nimeirudisha mikanda mitatu, mweusi, mwekundu, mweupe, kwa upana wa viganja vitatu, na wanangu wakitaka wavunje, wavunje kitu kilichotengenezwa. Nilipomaliza nilinawa mikono, nikaliburuta sanduku la bati mlangoni kwenye mwanga, nikalifungua. Ilibidi mtu alifungue, na sikuwa na mtu wa kumtuma.

Juu kulikuwa na nguo zake. Chini ya nguo palikuwa na leso ile ya zamani, imefungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kijiti, vipande viwili, vyepesi kama maganda. Barua ilikuwa chini yake. Niliichukua na kuanza juu kabisa, pale ambapo mwalimu hakuanzia. Kulikuwa na tarehe. Niliihesabu kwa vidole, nikaihesabu tena kwa mavuno. Barua ile iliandikwa mwaka wa nzige.

Baba alikuwa amekufa zaidi ya misimu miwili kabla sijarusha jiwe. Mama alijua tangu siku ile mwalimu alipopewa kuku mweupe ili anyamaze, na yeye akarudi ukutani kukandika ufa usiokuwepo. Kila ufito alioutia baada ya hapo, kila tita la nyasi, aliitengeneza nyumba ya maiti ili tukae humo mimi na yeye, chini ya kijiti kilichosema uongo kwa ajili yetu. Sikumuua baba. Nilichovunja kilikuwa maficho ya mama. Sijui kama huo ni mzigo mwepesi zaidi. Ni mwingine tu.

Nilipokunjua pembe ya leso ili nirudishe vitu vyake, kikaanguka kitu kidogo kwenye goti langu. Lilikuwa jiwe jeupe la mtoni, la mviringo. Nililijua kabla sijalishika. Alilitoa kwenye nyasi siku ile akiwa juu ya paa, akalificha, na kwa maisha yake yote hakuniuliza kitu kuhusu kunguru. Alijua nilichorusha, na nadhani alijua pia nilichokuwa nikifikiri. Yeye hakujua kusoma. Alijua tu kwamba juu ya ile karatasi kuna mahali panaponiachilia, na mara tatu aliniomba nipasome.

Kaburi lake liko nyuma ya jiko. Udongo wa ukutani ulikuwa bado unanuka. Niliketi pale na jiwe mkononi, nikafungua barua, nikamsomea kwa sauti, polepole, kama alivyotaka, nikianza na tarehe.